Chupa za Gatwekera Zilizokataa Kuzeeka

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Ubora aliniwekea chupa mbili mezani akaniambia nizinuse. Kwa macho zilikuwa sawa: plastiki nyeupe, kifuniko cha buluu, lebo moja. Ya kwanza ilinipiga puani hadi machozi yakanitoka. Ya pili ilinuka kama maji ya bomba.

"Zote zilijazwa siku moja," akasema. "Hii ilikaa kwenye friji. Hii nyingine niliiweka juu ya mabati. Niambie, ilikufa lini?"

Nikamwambia sijui, Madam.

"Hata mimi sijui. Ndiyo kazi nimekuitia."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo vijana wengi hawajui kama ipo: kazi ya kufuatilia bidhaa inavyozeeka, ili siku ya kuandika tarehe ya mwisho wa matumizi mtu asibahatishe. Nina miaka arobaini na saba. Huo si uzee wa kujisifia, lakini nimeshaiacha kazi hiyo, na vijana walioichukua huniita mzee, basi acha nisimulie kama mzee.

Kiwanda chetu kilikuwa Kawangware, nyuma ya nyumba za kupangisha za Mkurugenzi mwenyewe, mtu ambaye babu yake alilima mahindi pale pale tulipoegesha mkokoteni. Tulitengeneza dawa ya maji, yaani klorini iliyochanganywa na maji kwa kipimo. Unamwaga kifuniko kimoja kwenye mtungi wa lita ishirini, unangoja nusu saa, unakunywa. Ubaya wa klorini ni kwamba haikai. Joto linaila, mwanga unaila, hata ikifungwa vizuri inaisha polepole. Na dawa iliyoisha nguvu ni mbaya kuliko kukosa dawa, kwa sababu mwenye chupa nyumbani hachemshi maji. Anamwaga kifuniko chake, anawapa watoto, roho imetulia.

Nilipofika hapo sikuwa mtu wa kutulia. Nilimaliza kidato cha nne nikaanza kuzurura. Nilipaka rangi majengo Nakuru, nikalinda ghala Busia, nikachoma matofali Kakamega, nikauza omena Kisumu. Hakuna mahali nilipomaliza miaka miwili. Kazi ikianza kuniuliza maswali, nilifunga begi. Hata sasa nikikumbuka Busia, lile vumbi la malori na chai ya maziwa mengi, miguu huanza kuniwasha. Nilikuja Nairobi kupita tu. Nikapanga chumba Soweto West, Kibera, na kila siku nikawa natembea hadi Kawangware na kurudi. Kutembea huko ndiko kulikonifanya nivumilie.

Miezi ya kwanza niliwekwa kwenye kujaza: kuosha chupa, kujaza, kukaza vifuniko. Kisha nikahamishiwa maabara, chumba kimoja chenye sinki, meza na kabati la joto. Kabati lile lilikuwa la kuharakisha uzee. Unaweka chupa kwenye joto kali zaidi ya la kawaida, dawa inazeeka kwa wiki badala ya miezi, halafu unapiga hesabu kurudi kwenye joto la kawaida. Mkurugenzi alilipenda sana kabati hilo kwa sababu lilitoa majibu haraka. Meneja wa Ubora hakuliamini.

"Hili kabati halijui Kibera," aliniambia. "Halijui mama anaweka chupa juu ya kabati chini ya mabati, halafu saa saba jua linapiga. Nataka chupa zizeeke mahali watu wanakaa."

Lebo yetu ya wakati huo iliandikwa miezi kumi na miwili, na miezi hiyo ilikisiwa tu. Sasa Madam akataka ipatikane kwa kupima. Tukachagua nyumba katika vijiji vitatu vya Kibera: Silanga kando ya bwawa, Soweto West kwetu, na Gatwekera. Kila nyumba tuliiachia chupa moja. Mkurugenzi mwenyewe alikuja siku ya kuzigawa, amevaa koti, akawaambia kina mama kwamba chupa hizo ni mali ya kampuni, zitakaguliwa, na asiwepo mtu wa kuzitumia. Walimsikia vizuri sana. Hilo nililielewa baadaye.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka nyumba hizo kila baada ya wiki mbili. Nilifungua chupa, nikavuta dawa kidogo kwa bomba la sindano lisilo na ncha, nikaichanganya na maji safi kwa kipimo, nikatia kidonge cha kupimia klorini. Maji yanageuka waridi. Yakikolea, dawa ina nguvu, yakipauka, inakufa. Nilikuwa na kadi ya rangi za kulinganisha na fomu ya kujaza. Safu moja ya fomu iliuliza nguvu ya dawa. Nyingine iliuliza joto la chumba. Ya mwisho iliuliza kiwango cha dawa kilichobaki ndani ya chupa.

Watoto wa Gatwekera waliniita Daktari wa Chupa. Kina mama walikuwa na jina jingine, Mtu wa Sindano, na wakiniona kwenye kichochoro waliambiana nimekuja tena kunyonya. Nilicheka nao nikiwa tayari nimeshapita. Kila nyumba niliipa dakika mbili. Nilikaribishwa chai, nikakataa. Nilivutiwa kigoda, nikasema leo hapana, nina nyumba nyingine. Nilipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa ya miguu, na kukaa kwenye nyumba ya mtu kulinifanya nijione kama nimefungwa kamba.

Kisha Madam akanipandisha tena cheo bila kuniondoa kwenye nyumba. Akanifundisha kompyuta. Alikuwa na programu ya takwimu ambayo haina vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri, nayo inajibu. Mimi wa kidato cha nne nilitoka jasho. Ukikosea mabano mawili inakukatalia kila kitu. Lakini siku ilipokubali na kunichorea picha yangu ya kwanza, nilisimama nikaizunguka meza.

Nieleze picha hiyo. Upande wa chini ni wiki, upande wa kushoto ni nguvu ya dawa. Kila kipimo ni nukta moja. Nukta zinateremka, na programu inapitisha mstari katikati yake. Pembeni ya mstari, juu na chini, inachora ukanda wa kivuli. Huo ukanda ni wasiwasi wa programu yenyewe: inakuambia ukweli unaweza kuwa popote humu ndani. Chini kabisa unachora mstari wa nguvu ndogo inayokubalika. Sasa, tarehe ya mwisho haisomwi pale mstari wa katikati unapogusa chini. Inasomwa pale ukingo wa chini wa kivuli unapogusa, kwa sababu unamlinda yule mama mwenye chupa mbaya kuliko zote.

Tena programu ilijua kuchora mstari wa kila nyumba peke yake, halafu mstari wa wote kwa pamoja. Hapo ndipo Gatwekera ilipoanza kung'ara. Silanga mistari iliteremka. Soweto West iliteremka. Gatwekera, katika ploti moja, nyumba saba za ua mmoja, mistari ilikaribia kulala. Dawa ilikuwa inakataa kuzeeka.

Tulitafuta sababu, tukaipata. Madam alisema Silanga kuko wazi, mashamba na jua, lakini Gatwekera nyumba zimebanana, vichochoro vina giza, kwa hiyo ndani kuna ubaridi. Nikaangalia safu ya joto, ikaonyesha tofauti ndogo. Tukatosheka nayo. Nyumba hizo saba ziliinua mstari wa wote, na ukingo wa kivuli ukagusa chini kwenye miezi kumi na minane.

Mkurugenzi alipoiona picha hiyo hakuiachia. Maduka yalikuwa yakimrudishia chupa zilizopitisha tarehe, na hili lingemwondolea kero hiyo. Aliniambia mbele ya Madam kwamba lebo mpya zikitoka, mimi nitakuwa mfanyakazi wa kudumu, nipewe barua na koti jeupe. Nilikuwa nimefikisha miaka mitatu mahali pamoja kwa mara ya kwanza maishani. Nilijishangaa kwamba nilitaka barua hiyo.

Duru ya mwisho ya vipimo ilinikuta Gatwekera mvua ikinyesha. Si ya kupita. Kichochoro kiligeuka mto mweusi na mimi nilikuwa katika nyumba ya Mama Achieng, mama wa watoto wanne anayefulia watu nguo mitaa ya juu. Nilisimama mlangoni nikiangalia mbingu kama mfungwa. Akanisukumia kigoda kwa mguu.

"Kaa. Kumbe hayo magoti hayakunjiki?"

Nikakaa. Akanipa chai. Tulizungumza habari za nyumbani mashambani, kwa sababu kwao ni ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu. Kisha akaitazama ile chupa juu ya kabati, akasema kwa fahari kidogo kwamba ameichunga vizuri kuliko vitu vyake.

"Umeichungaje?" nikamuuliza, ili nisikae kimya tu.

"Ikipungua naongeza."

Nilishusha kikombe. "Unaongeza nini, mama?"

"Si hiyo hiyo dawa. Nanunua pale dukani. Niliona inashuka, nikasema hawa watoto wananitia aibu, wanaiguza nikienda kazi. Nimewachapa hadi nikachoka. Lakini inashuka tu. Nikasema siku mwenyewe atakuja na koti lake, anipate na chupa nusu? Aseme Wajaluo wa hii ploti ni wezi?"

"Ni mimi nilikuwa napunguza. Na sindano."

"Hiyo kidogo?"

"Hiyo kidogo. Kila wiki mbili."

Alinitazama. Nikamuuliza kuhusu majirani, nikijua jibu.

"Wote. Niliwaambia mimi. Nilisema tusiaibike."

Nilimaliza chai ile. Nyumba saba, kina mama saba waaminifu, kila mmoja akitia dawa mpya juu ya ile inayokufa ili mali ya wenyewe isionekane imeibwa. Mstari wetu uliolala haukuwa ubaridi wa vichochoro. Ulikuwa heshima ya watu, na programu haina namna ya kuijua heshima isipokuwa mtu aiandike kwenye fomu.

Na palikuwa na safu yake. Kiwango kilichobaki ndani ya chupa. Mimi, kila wiki mbili, nyumba baada ya nyumba, niliandika kwamba kimepungua kidogo, kwa sababu nilijua nimekipunguza mimi. Sikuangalia. Mara nyingi nilijaza safu hiyo nikitembea, fomu nimeiegemeza kwenye kiganja, kabla hata sijafika mlango unaofuata. Ningetupa jicho mara moja tu ningeona chupa ambayo haishuki.

Nilitoka mvua ilipopungua nikapita reli, nikatembea hadi Kawangware bila kuchagua njia. Kichwani nilikuwa Busia. Nilijua gari linaondoka wapi na saa ngapi. Hakuna aliyejua isipokuwa mimi, na Mama Achieng hakujua alichoniambia. Ningenyamaza, lebo zingechapwa, ningevaa koti. Au ningeondoka kama nilivyoondoka kila mahali, na lebo zingechapwa vile vile. Hilo la pili ndilo lililonisumbua. Nilikuwa nimezoea kwamba nikiondoka mahali, naacha mambo jinsi yalivyo. Hapa ningeacha tarehe, na mama mwenye mtungi angeisoma.

Kesho yake asubuhi niliwasha kompyuta kabla ya Madam kufika. Niliandika amri ya kuziondoa zile nyumba saba. Mstari ukaanguka. Ukingo wa kivuli ukagusa chini kwenye miezi minane. Si kumi na minane. Hata kumi na miwili ya lebo ya zamani haikufika.

Madam alipoingia nilimweleza yote, nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavuta faili la fomu, akaweka kidole kwenye safu ya mwisho.

"Hii uliiandika ukiwa wapi?"

"Njiani, Madam."

"Yote?"

"Karibu yote."

Hakunifokea. Alifungua fomu moja moja, akifunua kwa utaratibu, na huo utaratibu uliniumiza kuliko matusi. Mwishoni akasema hata yeye alitunga hadithi ya ubaridi bila kwenda kukaa ndani ya nyumba hata moja, akaniambia nimfuate.

Mkurugenzi alikuwa ofisini kwake, na sampuli ya lebo mpya iko mezani. Alipoelewa, alihesabu moyoni, nikaona uso wake unabadilika mara mbili. Si mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeahidi maduka lebo mpya.

"Sawa," akasema. "Mnatoa nyumba saba nzuri. Basi na mimi nitoe zile mbaya za Silanga, ndio haki iwe sawa. Tukutane katikati."

"Hatutoi kwa sababu ni nzuri," Madam akamjibu. "Tunatoa kwa sababu dawa iliongezwa. Za Silanga ni mbaya, lakini hakuna aliyezigusa. Nyumba haitolewi kwa jibu lake, boss. Inatolewa kwa kilichofanyika ndani yake."

Mkurugenzi akanigeukia. "Na wewe, Daktari wa Chupa. Una uhakika gani huyo mama hakukudanganya?"

"Nitarudi niulize nyumba zote sita zilizobaki," nikasema. "Nikikaa chini."

Nilikwenda, nikakaa katika kila nyumba. Hadithi ilikuwa moja, na wawili walinitolea chupa tupu za dawa waliyonunua dukani. Mkurugenzi aliirudisha sampuli ya lebo kwa mchapaji. Barua ya kudumu haikuja. Badala yake niliamriwa kuanza Gatwekera upya, tangu wiki ya kwanza, kwa utaratibu mwingine: kila nyumba ipewe chupa ndogo nyingi zilizofungwa kwa utepe, kila ziara nichukue moja nzima, nisiache nyuma kitu kinachopungua. Vijana, utaratibu huo ndio mnaoutumia leo na kuuona wa kawaida. Sasa mnajua ulitoka wapi.

Kwa mtu kama mimi, kuambiwa urudie njia ile ile kwa miezi yote ile ni adhabu hasa. Niliimaliza. Niliujua ukuta wa kila nyumba. Nilijua nani anaweka chupa karibu na jiko na nani anaifunika kwa kitambaa. Na mistari mipya ya Gatwekera ilipotoka, iliteremka sambamba na ya Silanga. Ubaridi wa vichochoro haukuwapo kamwe.

Lebo ikachapwa miezi minane. Maduka yalilalamika, Mkurugenzi alinung'unika mwaka mzima, lakini hakuibadilisha. Nilifanya kazi hapo miaka mingine kadhaa, nikafundisha wengine amri za programu, hadi kifua kikaanza kukataa harufu ya klorini na daktari akaniambia nichague. Nikaondoka, safari hii kwa kuaga.

Tangu hapo nimezurura tena. Nimekaa Homa Bay, nimekaa Kitale, sasa hivi niko Nairobi na tayari nafikiria Malaba. Sitawadanganya kwamba kazi ilinituliza. Kitu kimoja tu kimebadilika: nikiingia nyumba ya mtu nakaa, hata kama miguu inalia.

Watu huniuliza kama nilisifiwa kwa kusema ukweli. Niliupeleka ule ukweli kwa Mama Achieng mwenyewe, chupa ya kwanza yenye lebo mpya mkononi. Aliishika, akaisoma tarehe, akaisoma tena, kisha akachukua ile yake ya zamani, ya kununua dukani, akazilinganisha.

"Ile ya kwanza ilikuwa mwaka," akasema. "Hii ni miezi minane. Mmeiharibu?"

"Dawa ni ile ile, mama. Tulikuwa hatujui."

"Kwa hivyo mlikuwa mnaandika tu."

"Tulikuwa tunaandika tu."

Akahesabu miezi kwa vidole tangu aliponunua ile ya zamani, akapita minane. Akaenda nayo hadi mlangoni, akaimwaga yote kwenye mtaro. Ile mpya akaiacha mezani, akawasha jiko, akateleka sufuria kubwa ya maji ya kunywa, akanivutia kigoda tungoje yachemke.